Mawingu ya Nkungwe: Jinsi ya Kuyakuta Mlimani na Kuyapiga Picha

Kutoka kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, mita 773 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Nkungwe katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, mita 2,462, kuna mita 1,689 za kupanda. Mawingu ya Kigoma yanayostahili picha huchezea humo humo. Siku moja yamejifunga kiunoni mwa mlima, siku ya pili yamekaa kileleni kama kilemba, siku ya tatu mlima mzima umefunikwa hata aliyeko ufukweni haujui uko wapi. Anayepanda bila kujua wingu limekaa wapi hufika juu akakuta weupe mtupu, akarudi na picha mia mbili zinazofanana na shuka. Basi kabla ya kuulizana habari za lenzi, tafuta kitako cha wingu kiko mita ngapi.

Kupima kitako cha wingu

Hewa yenye unyevu ikisukumwa juu hupoa kwa karibu nyuzi 1 kila mita 100. Joto la umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone, nalo hushuka, ila polepole: karibu nyuzi 0.2 kila mita 100. Mawili haya yanapokutana, wingu linazaliwa. Hesabu yake ni fupi: chukua joto la hewa la mchana, toa joto la umande, zidisha kwa mita 125, kisha ongeza 773 za ziwa.

Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu zinaonyesha joto la umande, lakini ukiwa na barafu unaweza kulipima mwenyewe, na kipimo cha mahali ulipo ni bora kuliko makisio ya simu. Kigoma mjini palipo na samaki pana barafu. Tafuta kikombe cha chuma kisichopakwa rangi, ukifute kikauke kabisa kwa nje, ukijaze maji nusu. Tumbukiza kipimajoto cha kawaida. Kile cha homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35 au karibu na hapo. Kaa kivulini. Weka kipande cha barafu cha ukubwa wa punje ya karanga, koroga, subiri kiyeyuke, weka kingine. Kila mara pitisha kidole kwenye ubavu wa kikombe. Pale kidole kinapoacha mstari, ujue umande umeshaanza: soma kipimo. Usiweke barafu tena. Maji yakipata joto polepole, soma tena pale ukungu wa kikombe unapopotea. Ukipata 19 mara ya kwanza na 21 mara ya pili, joto la umande ni 20. Wengi hukosea kwa kuinamia kikombe karibu mno. Pumzi yako ina unyevu, italeta umande kabla ya wakati wake. Wengine humimina barafu yote kwa pamoja, kipimo kinapita shabaha wasijue umande ulianza kwa nyuzi ngapi.

Sasa soma mlima. Mchana nyuzi 28, umande 20: tofauti ni 8, mara 125 ni mita 1,000, ongeza 773, kitako kiko mita 1,773. Hiyo ndiyo siku ya kuiombea, kwa sababu kilele kimelizidi wingu kwa karibu mita 700 na, kama wingu halijarefuka sana, utalitazama kwa juu. Masika hewa ikiwa nyuzi 25 na umande 21, kitako kinashuka hadi mita 1,273, na kwa kawaida rundo lake linapanda hadi kilele na kupita. Hiyo ni siku ya kubaki ufukweni na kupiga picha ukiwa chini. Kiangazi hewa ikifika 29 na umande ukawa 14, unapata mita 2,648: Nkungwe iko wazi, na vipande vya mawingu vinapita juu kidogo ya kichwa chako. Hapo picha ni ya vivuli vyao vikitembea kwenye nyasi za kileleni.

Hesabu hii ni ya mawingu ya mrundiko yanayotokana na joto la mchana. Haikuambii lolote kuhusu ukungu wa alfajiri wala mawingu ya tabaka yanayoletwa na mvua kubwa. Na usitumie joto la asubuhi. Tumia kiwango cha juu kinachotarajiwa siku hiyo, la sivyo kitako kitaonekana kiko chini kuliko ukweli. Usibishane na mita hamsini, hayo ni makadirio. Ukiwa tayari uko kwenye boti, njia ya macho inatosha: angalia mstari ambapo wingu linaukata mteremko, ufananishe na mistari ya mwinuko kwenye ramani uliyoipakua kabla ya kuondoka mjini.

Msimu, na saa ya Kigoma

Kigoma na Tabora zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Kwa mpiga picha, wiki za thamani ni za aina mbili. Za kwanza ni baada ya mvua za mwanzo, Novemba kuingia Desemba: mvua imeshaosha moshi angani, ardhi bado ina joto, mawingu yanajenga minara. Za pili ni mwishoni mwa mvua, Aprili kuelekea Mei: hewa safi, mawingu madogo yaliyotengana, ila njia bado inateleza. Julai hadi Oktoba kunakuwa na moshi wa nyasi zinazochomwa pande zote za ziwa. Milima ya Kongo ng'ambo inapotea, jua linakuwa kama kaa la moto, na picha zinatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hakuna kichujio kinachotibu moshi.

Ndani ya siku, ziwa ndilo saa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unashuka mlimani kuelekea ziwani. Ndiyo maana miteremko mara nyingi huwa safi alfajiri huku radi zikiwaka katikati ya maji. Jua likishapasha mteremko, upepo unageuka: hewa ya ziwani inapanda. Vipande vya kwanza vya wingu huonekana kwenye makorongo yapata saa 4 asubuhi, saa 6 kilele kimeshafunikwa, na msimu wa mvua ngurumo huanza kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Ratiba ya kupanda ifuate hayo: uwe juu mapema, na saa 6 uwe umeshaanza kushuka kutoka kwenye ukingo wa mlima.

Anayetoka Dar es Salaam aangalie jambo moja. Nchi nzima ina saa moja, lakini jua la Kigoma linachelewa kwa karibu dakika 38 ukilinganisha na Dar. Novemba linachomoza yapata saa 12 na nusu asubuhi, Julai yapata saa 1 na robo. Ukiweka kengele kwa mazoea ya pwani utakaa gizani ukitetemeka bure. Hata hivyo rangi nzuri huanza dakika 25 hadi 30 kabla ya jua, kwa hiyo tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera, iwe imeshasimama.

Nkungwe hupandwa kwa idhini ya hifadhi, ukiwa na mwongozaji na askari, na kufika Mahale kwenyewe wengi huenda kwa boti. Panga siku mbili, tatu zikipatikana. Mwendo wa kawaida ukiwa na mzigo ni mita 300 za mwinuko kwa saa, pungufu kwenye mianzi. Kileleni hewa hupungua joto kwa karibu nyuzi 11 kutoka ufukweni, kwa hiyo koti la mvua na sweta si anasa. Kwa Watongwe, wenyeji wa Mahale, mlima huu una heshima yake tangu mababu. Sikiliza mwongozaji atakavyosema. Droni iache nyumbani kama huna vibali. Mwenye siku moja tu aende Gombe, kilomita 16 kaskazini ya Kigoma mjini: kingo za bonde la ufa pale zinavuka mita 1,500, zinatosha kukuweka karibu na kitako cha wingu siku za mvua.

Wingu gani, usimame wapi

Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unagonga mgongo wa safu ya Mahale. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, wingu linazaliwa upande wa nyuma, linavuka ukingo na kumiminika kuelekea ziwani huku likiyeyuka, kama maziwa yaliyofurika sufuriani yasifike chini. Ukiwa kileleni huoni kitu, uko ndani yake. Shuka. Wingu hili hupigwa kutoka ufukweni au mteremko wa chini, lenzi ya milimita 70 hadi 200, asubuhi jua likiwa nyuma ya mlima na kuliangazia kwa upande wa pili. Linaonekana limesimama, lakini hewa inapita ndani yake muda wote, ndiyo maana linafaa sana kwa video ya kuharakishwa: picha moja kila sekunde 3. Kwa picha 24 kwa sekunde, sekunde 10 za video zinataka picha 240, yaani dakika 12 za kusubiri bila kugusa tripodi.

Ukungu wa mabonde, ule unaoacha vilele vikielea kama visiwa, utafute upande wa mashariki wa safu na si upande wa ziwa. Maji yanatunza joto usiku, mabonde ya bara hayatunzi. Dalili zake ni mvua jioni, anga safi baada ya saa 4 usiku, na upepo kutulia. Utakuwa unatazama jua linapotokea, kwa hiyo kaa mahali ambapo tawi au jiwe linaweza kuziba duara la jua lenyewe.

Halafu kuna lile duara la rangi kuzunguka kivuli chako, ambalo wengi hulipita bila kulijua. Linataka vitu viwili: jua mgongoni na wingu chini yako. Kwenye ukingo wa Mahale nafasi hiyo huja yapata saa 4 asubuhi, vipande vya wingu vinapoanza kupanda upande wa ziwa huku jua bado liko mashariki. Simama ukingoni, tazama kivuli cha kichwa chako kinapoangukia kwenye wingu. Mkiwa watano, kila mmoja ataona duara kwenye kichwa chake peke yake, na kamera italiona kwenye kivuli chake yenyewe. Linadumu sekunde chache kisha wingu linapasuka, basi kamera iwe mkononi: f/8 (upana wa tundu la lenzi), 1/500 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kichujio cha polarizesheni, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza anga, kama umekifunga, kizungushe ukiangalia, kinaweza kufifisha rangi hizo.

Wingu la radi lenye kichwa bapa kama fuawe la mhunzi halipigwi kutoka mlimani. Kichwa chake kinafika kilomita 14 hadi 16 juu. Ukiwa chini yake unaona giza tu. Kwa hili, wenye bahati ni watu wa Tabora. Uwanda wao uko karibu mita 1,200, bara tambarare, na kutoka juu ya jiwe kubwa lililovuka miti ya miombo unaliona wingu zima, mguu mpaka kichwa, likiwa umbali wa kilomita mia na zaidi. Subiri jua likishazama: chini kunakuwa buluu huku kichwa cha wingu bado kinawaka rangi ya chungwa kwa dakika kumi na kitu. Kigoma picha ya aina hiyo hupatikana kwa kutazama ng'ambo, mvua ikiwa juu ya milima ya Kongo.

Usiku kuna uamuzi wa kufanya mapema, kwa kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na taa zao zikitazamwa kutoka kambi ya mteremkoni zinaonekana kama nyota zilizoanguka chini ya mawingu. Piga kwa f/2.8, ISO 1600, sekunde 10 hadi 15. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawatoki, lakini mwezi unayaangaza mawingu yenyewe: f/2.8, ISO 800, sekunde 8 zinatosha, zikizidi mawingu yanakuwa uji. Huwezi kupata vyote viwili. Kumbuka pia kwamba ukanda wa maji wa kilomita 1.6 mbele ya Mahale ni sehemu ya hifadhi, taa utaziona ng'ambo ya hapo, na kwamba mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Uliza kabla ya kupanga safari kwa ajili ya taa.

Kamera

Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana. Mwanzo mzuri mchana ni f/8, ISO 100, 1/500, kisha rekebisha. Kosa kubwa ni weupe ulioungua: sehemu ya wingu iliyozidi mwanga haina kitu ndani, hata kompyuta haiwezi kukitoa. Washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua, na weupe ukimeta shusha mwanga kwa theluthi mbili za hatua (hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), angalia tena. Kuna tofauti moja inayowachanganya watu: fremu yote ikijaa wingu jeupe, kamera inadhani mwanga ni mwingi na kulitia ukijivu, hapo unaongeza, hatua moja kamili. Kwa ufupi, wingu dogo kwenye msitu wenye giza, punguza. Wingu lililojaza fremu, ongeza. Jua likiwa ndani ya picha, piga tatu mfululizo, moja ya kawaida na mbili zilizotofautiana kwa hatua 2 juu na chini.

Usivuke f/11. Vumbi kwenye kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, halionekani kwenye picha ya msitu, lakini kwa f/16 kwenye anga jeupe linajitokeza kama madoa ya masizi, utakaa usiku kuchwa ukiyafuta.

Polarizesheni hukoleza buluu ya anga na kulitenga wingu, na nguvu yake iko kwenye sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua. Nyoosha kidole cha shahada kwenye jua na kidole gumba kwa ubavu; zungusha mkono, gumba linakuonyesha ukanda huo. Kwa lenzi pana chini ya milimita 24 kivue, maana utapata anga lenye baka jeusi katikati na kingo zilizopauka. Ukitaka wingu livutike kama pamba iliyochambuliwa, kichujio cha ND, kile cheusi cha kupunguza mwanga, cha hatua 10 kinageuza 1/500 kuwa sekunde 2.

Mawingu hayana kipimo. Bila mtu, mti au mtumbwi ndani ya fremu, mnara wa kilomita tano unafanana na moshi wa jiko. Mweke mwenzako ukingoni, mbali na wewe, awe mdogo kama mchwa. Na ulalo wa ziwa uangalie kwa kipimo cha kamera, kwa kuwa siku ya utusitusi maji na anga vinaungana na macho yanadanganya.

Mwenye simu asijidharau. Afute lenzi kwa pamba safi, si kwa fulana yenye jasho. Abonyeze kwa muda mrefu sehemu nyeupe zaidi ya wingu mpaka kipimo cha mwanga kifungwe, kisha avute alama ya jua chini kidogo. Asivute picha kwa vidole, akate baadaye. Kwa mawingu yanayozunguka pande zote, piga panorama simu ikiwa wima, si ya kulala.

Radi

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, funga kazi na uondoke ukingoni, hata kama wingu ndiyo kwanza limekuwa zuri, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Teremkeni kwenye msitu wenye miti ya urefu sawa. Mti uliosimama peke yake na mdomo wa pango la kina kifupi ni mitego. Achaneni kwa mita 15 au zaidi ili radi isiwapate wote. Kama hakuna pa kwenda, chuchumaa miguu ikigusana, usilale. Tripodi ilazwe chini uachane nayo. Picha za radi zenyewe hupigwa usiku kutoka ndani ya nyumba ufukweni, dirishani: f/8, ISO 200, sekunde 15 hadi 30, ukirudia mpaka moja inase.

Unyevu

Ukitoka kwenye baridi ya kileleni na kushuka ufukweni kwenye nyuzi 28, kamera inafanya kile kile ulichokiona kwenye kikombe: inatoka jasho, na jasho linaingia ndani. Kabla ya kuanza kushuka, toa memori kadi na betri, ifunge kamera kwenye mfuko usiopitisha maji, uiache humo mpaka ipate joto la chini, saa moja au zaidi. Mifuko ya rambo usibebe, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Pakiti za kunyonya unyevu ziwe tatu au nne kwa begi. Ukizikausha kwenye sufuria kwa moto mdogo zinatumika tena, kama mfuko wake ni wa karatasi au kitambaa. Mchele haufai, unaacha unga kwenye vifungo. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa shati, baridi inazimaliza. Na begi likifika nyumbani lisifungiwe kabatini hivyo hivyo: lenzi iliyokaa na unyevu wa ziwa huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo. Ianike mahali penye hewa, kivulini, kifuniko wazi, siku nzima.